Safari Mbili za Mtera

Ninalo daftari kubwa lenye jalada jeusi, aina ile tuliyozoea kuiita kaunta buku, ambalo nimelitunza tangu mwaka 1997. Ndani yake mna kurasa nne za mpango wa safari ya kwenda bwawa la Mtera. Zimeandikwa kwa mwandiko wa mwalimu kijana aliyejiamini: wanafunzi 43, walimu 3, magunia ya unga, maharage, sufuria mbili kubwa za kuazima, turubai, mafuta ya taa, mpira wa miguu, kamba ya mchezo wa kuvutana. Hata viberiti vimehesabiwa. Kurasa hizo nimezisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote nilicho nacho, na kila nizisomapo hutafuta mstari mmoja unaohusu maji. Haupo.

Wakati huo nilikuwa nafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Dodoma. Wanafunzi wetu wengi walikuwa watoto wa nchi kavu. Maji kwao yalikuwa kitu kinachokaa ndani ya ndoo, kinachofuatwa alfajiri na kurudi nacho jua likiwa limepanda. Niliona ni aibu kwamba tunawafundisha habari za maziwa makuu ya Marekani na hali kilomita mia na ushei kutoka darasani kwetu, mpakani mwa Dodoma na Iringa, kuna maji ambayo ukisimama pwani yake huoni ng'ambo vizuri. Nikaenda kwa mkuu wa shule nikamwomba ruhusa ya kuwapeleka kidato cha tatu wakapige kambi siku tatu. Wajifunze, lakini zaidi ya hayo wacheze. Mkuu akakubali kwa sharti kwamba nikakague mahali kwanza.

Nilikwenda Oktoba 1997, kwa basi la Iringa, barabara ikiwa bado ya vumbi. Ule ulikuwa mwaka wa ukame, na maji bwawani yalikuwa yamerudi nyuma mno. Nilishuka upande wa Dodoma, nikatembea kwa miguu karibu saa nzima nikitafuta mahali pa kambi, hadi nilipofika kwenye jabali moja kubwa jeusi, refu kama nyumba ya ghorofa moja, mgongo wake umelala kama wa kiboko. Kutoka pale hadi majini nilihesabu hatua mia tatu na kitu. Ardhi yote ile katikati ilikuwa tambarare, ya udongo mkavu uliopasukapasuka, na juu yake vilisimama visiki. Vilikuwa vingi mno. Ilikuwa ni migunga iliyokufa maji yalipoingia kwa mara ya kwanza, mingine bado ina matawi, mingine imebaki ncha tu, yote ina rangi ya majivu. Nilipita katikati yake. Kwenye kisiki kimojawapo nilikaa nikala karanga zangu nikitazama ndege. Kisha nikachora ramani kwenye daftari, nikatia alama ya hema chini ya jabali, nikaandika: "Pazuri sana. Kivuli kipo."

Msomaji atanisamehe nikisimama hapa kidogo nieleze bwawa hili ni kitu gani, kwa maana kosa langu limo humo humo.

Mtera si ziwa la kuumbwa. Ni mto Ruaha Mkuu, pamoja na mto Kisigo unaoungana nao pale, uliozuiwa kwa ukuta mwishoni mwa miaka ya 1970 ili maji ya masika yawekwe akiba yakasukume mitambo ya Kidatu, huko chini, wakati wa kiangazi. Baadaye, mwaka 1988, Mtera yenyewe ikapata mitambo yake, iliyowekwa chini ya ardhi, yenye uwezo wa megawati 80. Kidatu ina megawati 204. Bwawa likijaa, uso wake hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Likishuka hadi mita 690, mitambo haina ruhusa ya kuendelea kuteka maji. Tofauti hiyo ni mita 8 na nusu tu, urefu wa mti wa kawaida. Lakini nchi ile ni sahani. Mita moja ya kina ikipungua, pwani inakimbia, na mahali pengine kilomita nzima za tope hubaki wazi. Likiwa limejaa, bwawa hutanda zaidi ya kilomita za mraba 600. Likipungua, sehemu kubwa ya eneo hilo huwa malisho ya ng'ombe na mashamba ya watu.

Maana yake ni kwamba pwani ya Mtera haina mahali pake. Ziwa la kweli lina pwani. Wazee waliiacha hapo na wajukuu wanaikuta hapo. Bwawa lina akiba, na pwani ni alama ya akiba iliyobaki leo. Mvua za Mbeya na Iringa zinaisogeza. Wakulima wa mpunga wa Usangu wanaisogeza. Mto uleule, tangu miaka ya mwanzo ya 1990, umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, jambo ambalo halikuwako zamani. Anayewasha pasi Dar es Salaam naye anaisogeza kidogo. Kila mmoja katika hao ana haki yake juu ya yale maji kabla ya mtu aliyekuja na mpira na sufuria kupumzika.

Haya yote niliyajua. Nilikuwa nayafundisha! Hizo 690 na 698.5 niliziandika ubaoni kwa chaki, nikachora ukuta na mistari miwili ya maji, wa juu na wa chini, nikawaambia wanafunzi wanakili. Lakini nilipokwenda kukagua kambi, sikukagua kama mwalimu wa jiografia. Nilikagua kama mtu anayetafuta kivuli.

Mwezi uliofuata zikaanza mvua za El Niño. Wenye umri wanazikumbuka: madaraja yalikwenda, reli ilikatika, na sisi tuliokuwa tukilia ukame tukalia mafuriko. Safari iliyokuwa iwe ya Desemba ikaahirishwa hadi likizo ya Juni 1998. Tulikwenda kwa lori la kukodi, vijana wakiimba njia nzima, na tulipofika nilipapotea pale mahali pangu. Jabali nililiona kwa mbali, lakini lilikuwa limesimama ndani ya maji kwa pande tatu. Zile hatua mia tatu hazikuwako. Wanafunzi walipiga kelele za furaha ambazo hadi leo nazisikia. Nami nilifurahi, siwezi kudanganya. Nilisema moyoni, afadhali, hatutahangaika kufuata maji mbali.

Siku ya pili, kama saa nne asubuhi, vijana wa kiume walipanda jabali wakaanza kuruka majini. Niliwaona. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, hayaonyeshi kitu, na yametulia. Wa kwanza alitoka salama, wa pili akatoka, wa tatu pia. Wa nne, aliyekuwa mwanariadha wetu wa mita 800, aliruka mbali zaidi ili awashinde wenzake. Hakutoka.

Niliingia majini na nguo zangu zote. Mimi siogelei vizuri. Kwa bahati ya Mungu kulikuwa na mvuvi mmoja akitegua nyavu kwenye mtumbwi si mbali, akapiga kasia, akazama, akatoka, akazama tena. Alimkuta kijana chini, kisiki kimemchana paja hadi mfupani na mguu umebanwa kwenye panda ya tawi. Alimchomoa. Tulimlaza juu ya turubai, akatapika maji, akalia. Kilio chake kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusikia.

Yule mvuvi alikaa pembeni akitweta, damu ya mtoto mikononi mwake. Akanitazama, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, mahali hapa mlimwuliza nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja Oktoba, nikatembea juu ya sakafu ya bwawa kwa miguu yangu, nikavihesabu vile visiki kwa macho, nikakaa juu ya kimoja nikala karanga. Hakuna mtu yeyote katika msafara ule aliyejua kilichokuwa chini ya yale maji isipokuwa mimi.

Kijana alipelekwa zahanati, kisha hospitali, akakaa huko wiki saba. Mguu ulipona kwa kupinda kidogo. Mita 800 hakukimbia tena. Katika taarifa yangu kwa mkuu wa shule niliandika kwamba mwanafunzi "aliruka bila tahadhari". Maneno hayo mawili, bila tahadhari, nilimpa yeye. Mama yake alikuja kutoka kijijini kumwona, nami nilikuwako. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, baba." Alikuwa amenibebea kuku. Alinishukuru kwa kumwokoa mwanawe na kumfikisha hospitali. Nilitaka kusema, mama, mimi niliviona visiki. Badala yake nikanyoosha mikono miwili, nikampokea kuku.

Miaka ikapita. Nilihama shule ile, nikafundisha kwingine, nikastaafu. Barabara ya Iringa ikawa lami, na mara nyingi nimepita juu ya ukuta wa Mtera ndani ya basi nikitazama upande wa pili. Abiria wenzangu wakinunua samaki wa kukaanga dirishani, mimi hununua pia, kwa kuwa perege wa Mtera hana mfano, lakini nilikula nikiangalia mbele.

Mwaka 2023 wale wanafunzi wangu, sasa watu wazima wenye vipara na watoto wa chuo, waliunda kundi la WhatsApp la kukumbukana. Wakanitafuta, wakaniingiza. Na siku moja mmoja wao akaandika kwamba wanataka kukutana kwa siku moja, pamoja na familia, na mahali wamekwisha kubaliana: Mtera. Wakaomba mwalimu apange kama zamani. Nilisoma ujumbe ule nikazima simu. Kesho yake nikakuta ujumbe mwingine, kutoka kwa yule mwenye mguu. Ulikuwa mfupi: "Shikamoo mwalimu. Mimi ndiye niliyependekeza Mtera."

Basi nikapanga. Nilifungua lile daftari jeusi kwenye ukurasa mtupu, na mstari wa kwanza nikaandika: Kuuliza.

Nilikwenda wiki mbili kabla, mwezi Septemba. Safari hii sikutafuta kivuli. Nilianza kwa mtendaji wa kijiji, ambaye alishangaa mzee mzima kuja kuomba ruhusa ya kula wali chini ya mti. Akanipeleka kwa bwana samaki, na bwana samaki akanipeleka mwaloni, kwa mwenyekiti wa wavuvi, mwanamume wa makamo aliyekuwa anashona wavu kwa vidole vya miguu na mikono. Nilimweleza habari zangu zote, pamoja na za mwaka 1998. Hakuonyesha mshangao. Aliniuliza tu jina la mvuvi yule, huenda akamjua. Nikatambua kwamba sikuwahi kuuliza jina lake. Mtu aliyezama mara mbili kwa ajili ya mwanafunzi wangu!

Asubuhi ile mwenyekiti alinifundisha mengi ambayo sikuyasoma chuoni. Upepo, alisema, huamka mchana. Maji yanayolala kama mkeka saa mbili asubuhi, saa nane yana mawimbi ya kupindua mtumbwi, na kwa sababu bwawa ni pana na halina kina, mawimbi yake ni mafupi na ya ghafla. Kwa hiyo mwenye kutaka kupanda boti apande mapema na ashuke mapema. Viboko hutoka usiku kula majani, na wana njia zao. Akanionyesha moja, imelimika kama mfereji, pale pale ambapo mgeni angepapenda kwa hema. Mamba wapo. Akacheka niliponong'ona swali hilo. "Mwalimu, samaki wapo, mamba akose?"

Kichocho sikuhitaji kufundishwa, ila nilitaka kusikia kwake. Kwenye maji ya kina kifupi yenye majani ndipo wanapokaa konokono wanaobeba vimelea, na vimelea hutoka kwao kwa wingi jua likiwa kali, mchana. Ukilinganisha saa hizo na saa ambazo watoto wa mjini hutaka kuchezea maji, utaona ni zile zile.

Kisha nikamwuliza juu ya visiki. Akanyamaza, akatupa jiwe majini. "Sisi wenyewe hatuvijui vyote," akasema. "Kila mwaka maji yanafunika vingine na kufunua vingine. Nyavu ndizo zinazotuambia, zikichanika."

Niliporudi nyumbani nilikuwa na mpango, na mpango ule haukuwapendeza watu. Niliandika kwenye kundi: Hakuna kuogelea. Hakuna mtu, mkubwa wala mdogo, kuingia majini kupita vifundo vya miguu, na hata hapo ni kwenye mchanga wa mwaloni tu. Boti mbili za injini zitakodiwa kuanzia saa moja na nusu hadi saa nne asubuhi, watu wanane kwa kila boti, jaketi okozi kwa kila mmoja, nimezihesabu mwenyewe. Ukutani hakuna kupiga picha, pana ulinzi. Chakula kitapikwa na akina mama wa mwaloni, samaki wao, mkaa wao, ili siku yetu iwaachie kitu zaidi ya mifuko ya plastiki. Choo cha mwalo tutakichangia. Takataka tunarudi nazo Dodoma. Saa kumi jioni tunaondoka.

Mmoja akaandika, "Mwalimu, hii ni pikiniki au jeshi?" Mwingine akasema wanawe wamekwisha kununuliwa nguo za kuogelea. Kulikuwa na manung'uniko ya siku mbili. Sikujibu. Zamani nilikuwa na fimbo. Sasa nilikuwa na kimya tu. Kisha yule mwenye mguu akaandika neno moja, "Sawa," na ubishi ukaisha.

Tulikwenda watu 31. Sitaieleza siku yote, kwa sababu ilikwenda vizuri, na siku iliyokwenda vizuri haina masimulizi marefu. Watoto waliona ndege juu ya miti mikavu inayotokeza katikati ya maji, mnandi wakianika mabawa, tai mla samaki akipiga kelele. Wakapewa ndoano, na binti mmoja wa miaka sita akavua kambale wa urefu wa mkono wake, akagoma kumwachia hadi jioni. Saa saba upepo ukaamka kama alivyosema mwenyekiti. Boti zilikuwa zimekwisha vutwa nchi kavu. Tuliketi chini ya turubai tukatazama bwawa likigeuka rangi.

Baada ya chakula yule mwanafunzi wangu aliniomba tutembee hadi kwenye jabali. Lilikuwa kavu tena. Tulihesabu pamoja kutoka majini: hatua mia moja na themanini, zake fupi upande mmoja. Njiani kote vilisimama visiki, vya majivu, vingine vimeota ndege. Tulipofika kati nikasimama. Nilimwambia. Nilimwambia habari za Oktoba 1997, za karanga, za ramani, za maneno niliyoyaandika katika taarifa, na kwamba nilitaka kumwambia mama yake pale wodini, nikashindwa. Mama alikuwa amefariki miaka minne kabla, na hilo lilizidi kunikaba.

Alisikiliza huku anachokonoa kisiki kwa ncha ya kiatu. Kipande kikamenyeka, kwa ndani mti ulikuwa bado mgumu na mwekundu. Alikaa kimya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu.

"Yule kuku, mwalimu," akasema hatimaye, "alikuwa mtetea wa kutaga."

Sikujua nicheke au nifanye nini. Yeye hakucheka. Kisha akashika bega langu, akaanza kulipanda jabali, mguu mzima mbele, ule mwingine ukifuata, na alipofika juu akanyoosha mkono anivute. Kutoka kule tuliwaona watoto mwaloni, wadogo kama vifaranga, na mwenyekiti wa wavuvi akiwafuatafuata ili wasivuke kamba aliyoifunga mwenyewe, bila mimi kumwagiza, kati ya visiki viwili. Aliniuliza maji yatafika tena hapa lini. Nikamwambia itategemea mvua za Mbeya, na umeme utakaohitajika, na mambo mengine mengi. Akatazama saa.

"Saa tisa na nusu," akasema. "Ulisema saa kumi tunaondoka."